Kabla ya rupia ya Kampuni, Mwambao ulikuwa na fedha yake

Majuzi nilimtembelea shangazi yangu Nairobi, mtaani Mbotela, mtaa unaobeba jina la Tom Mbotela, ambaye ukoo wake ni wa Freretown kwetu Mombasa. Alifungua kibweta cha marehemu bibi, akatoa rupia ya fedha iliyoandikwa Mombasa, mwaka 1888. Sonara mmoja alikuwa tayari kuinunua kwa uzani, aiyeyushe apate kutengeneza pete.

"Si ndiyo pesa yetu ya kwanza hii, mwanangu?" akaniuliza.

Siyo, shangazi. Rupia ile ilitolewa na Imperial British East Africa Company na ikapigwa Birmingham, Uingereza. Miaka zaidi ya 800 kabla yake, watawala wa Mwambao walikuwa wakitoa sarafu zao wenyewe za fedha.

Ushahidi umetoka ardhini. Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu ndogo mno za fedha, baadhi zikiwa na majina ya Muhammad na Abdallah. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari hizo ndizo zilizosaidia kujua kuwa hazina ilifukiwa karne ya 11, kwa sababu sarafu zetu hazikuandikwa mwaka wala mji.

Zilichoandikwa ni jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwa Kiarabu, pande mbili zikipatana vina. Watu wa Mwambao na vina, tangu zamani! Lakini halikuwa pambo tu. Aliyeishika sarafu alijua nani anatawala, na kwamba mtawala huyo ni Mwislamu. Baadhi ya majina hayo hayamo katika tarikh zilizotufikia. Wangesahaulika kabisa lau si kipande cha fedha kisichozidi ukucha wa kidole.

Baadaye Kilwa ilipiga sarafu nyingi za shaba, na ndizo zinazojulikana zaidi. Hata hivyo lugha yetu haikusahau. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi, na hela tuliachiwa na Wajerumani, lakini fedha ni jina la madini yenyewe. Hata leo, anayelipa kwa simu husema ametuma fedha.

Ndiyo maana uzani wa sonara ni kipimo kibaya. Sarafu ikiyeyushwa, jina limekwenda. Na ikiokotwa pwani au shambani kisha ikauzwa kimyakimya, huwa imepoteza nusu ya maneno yake, kwani mahali ilipolala ndipo panapoeleza umri wake na ilikuwa na nini. Ukiiona, usiisugue kwa ndimu wala mchanga. Kumbuka mahali ulipoipata, kisha uwaone watu wa Makumbusho, Fort Jesus au Nairobi.

Rupia ya shangazi si ya kale kiasi hicho, lakini nayo ina yake ya kusema. Ameirudisha kibwetani. Sonara atatafuta fedha kwingine.