Kulaumu si Kuondoa: Neno "Censure" na Habari za Embu na Meru

Neno la Kiingereza "censure" huwatatiza wafasiri wa Kiswahili, si kwa kuwa lugha imepungukiwa na maneno ya lawama, bali kwa kuwa inayo mengi mno. Shina lake ni la Kilatini, lenye maana ya kupima na kukadiria. Katika Roma ya kale, afisa aliyehesabu raia na mali zao ndiye pia aliyekagua mwenendo wao, na aliyepotoka alitiwa alama kando ya jina lake. Kwa hiyo neno hilo ni ndugu wa "sensa", ambalo Waswahili wamekwisha kulizoea. Asili hiyo yaonyesha kwamba lawama inayokusudiwa hutolewa na chombo chenye mamlaka, na huwekwa katika kumbukumbu.

Hapo ndipo maneno ya Kiswahili yanapoachana. "Kukemea" na "kukaripia" hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Ni vigumu kusema kwamba wawakilishi wa wadi wamemkaripia gavana. "Kushutumu" bado kunanuka matusi ya asili yake ya Kiarabu. "Kusuta" kumekaribia zaidi, maana msutaji humkabili msutwa hadharani na ushahidi mkononi. Lakini hilo ni jambo la majirani, si la baraza. Linalobaki ni "kulaumu", na "azimio la kulaumu" latosha.

Azimio la namna hiyo halimwondoi mtu. Mwezi wa Julai 1, 2008 ulipoanza, Bunge la Kenya lilikuwa karibu kupitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya. Ilipopita, haikumfuta kazi kisheria, ingawa alijiuzulu siku chache baadaye. Kumwondoa gavana ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, hoja ikiungwa mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote wa bunge la kaunti, hupelekwa Seneti, na Seneti ndiyo huamua.

Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kupitishwa katika njia hiyo, aliondolewa na Seneti mara mbili mwaka 2014. Mahakama zikamwokoa, akachaguliwa tena 2017. Katika shauri hilo Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba si kila kosa ni ukiukaji mkubwa wa Katiba. Huko Meru, bunge la kaunti lilipiga kura dhidi ya Kawira Mwangaza mwaka 2022, 2023 na 2024. Mara mbili za kwanza Seneti ilimwachilia. Ya tatu ilimwondoa, na Mahakama Kuu ikaithibitisha hatua hiyo Machi 2025.

Basi mwandishi aliyesema mwaka 2022 kwamba gavana wa Meru "ameng'olewa" aliwapasha wasomaji jambo ambalo halikutokea. Kura ile ilikuwa mashtaka tu. Hata "kung'atua", neno linalopendwa sana na magazeti ya Kenya, lina mashaka yake: "kung'atuka" lilienea kutoka Kizanaki kwa Mwalimu Nyerere, aliyeacha urais kwa hiari mwaka 1985. Kenya imeligeuza kuwa tendo la kushurutishwa. Kwa hatua ya bunge la kaunti, "kumshtaki gavana mbele ya Seneti" ni refu, lakini ndilo linalosema kilichofanyika.