Amepona, lakini bado anauguza mifupa: maisha baada ya upasuaji wa tezi za shingoni

 

Ndugu Waislamu, Ramadhani moja tulikuwa ziarani Katoro, mkoani Geita. Baada ya swala ya Ijumaa alitujia ndugu mmoja, mchimbaji mdogo wa dhahabu, akatuomba faragha. Alisema: "Sheikh wetu, mke wangu alipasuliwa shingo, hii ni wiki ya tano. Daktari alisema upasuaji umefanikiwa. Mbona hanyanyuki? Analala mchana, midomo inamfa ganzi, vidole vinakakamaa. Mama anasema ni uvivu. Kaka zangu wanasema kuna mkono wa mtu. Mimi nimechoka, nataka nimrejeshe kwao."

Tulimuuliza kama mkewe alipewa vidonge. Akajibu kwamba alipewa vingi, vya kumeza mara tatu kwa siku, lakini mwezi mtukufu ulipoandama aliviacha ili afunge. Tulimwuliza tena: daktari alipoeleza habari za vidonge hivyo, wewe ulikuwapo? Hakuwapo. Alikuwa ndani ya duara, na aliyekwenda kumtoa mgonjwa wodini ni shemeji mdogo, kijana wa darasa la saba.

Tulimsihi ampeleke mkewe hospitali siku ile ile, asingoje Jumatatu. Kisha nasi tukamwendea tabibu mmoja tunayemwamini, atufahamishe maradhi yenyewe, kwa kuwa haifai kumjibu mtu juu ya ndoa yake na saumu ya mkewe ilhali hatujui kinachomsumbua.

Wengi wetu katika Kanda ya Ziwa tukisikia mtu amepasuliwa shingo tunadhani ni rovu. Rovu ni kuvimba kwa tezi kubwa ya mbele ya shingo, na kwa sehemu kubwa limepigwa vita kwa chumvi yenye madini joto. Lakini nyuma ya tezi hiyo Mwenyezi Mungu ameweka tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele, ziitwazo paratiroidi. Kazi yake ni kupima kalsiamu iliyomo katika damu. Ikipungua, tezi hutoa homoni ya kuipandisha, na ikitosha, hunyamaza. Jambo la ajabu ni kwamba mtaalamu wa Uingereza, Richard Owen, aliyezieleza katika karne ya 19, aliziona kwanza katika mzoga wa kifaru aliyefia bustani ya wanyama ya London. Kwa binadamu zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström wa Uppsala, Sweden, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi.

Maradhi huanza pale tezi moja, aghalabu kwa uvimbe usio saratani, inapokataa kunyamaza. Huagiza kalsiamu usiku na mchana, na ghala ya kalsiamu ni mifupa. Mifupa hukonda na kuuma, na ziada humiminika kwenye figo ikawa mawe. Mgonjwa huona kiu, hukojoa sana, tumbo humsokota, choo huwa kigumu. Juu ya hayo huja uchovu usioisha kwa kulala, kusahau, huzuni isiyo na sababu na hasira za ghafla. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliokoma hedhi. Kipimo cha damu cha kalsiamu ndicho huanza kuyafichua, lakini ni nani anayekiomba? Mama huyu, kwa maelezo ya mumewe, alitibiwa malaria na vidonda vya tumbo kwa miaka minne, akavunjika mkono kwa kuteleza tu mlangoni, kabla ya daktari mmoja kutaka apimwe damu hiyo.

Dawa iliyo madhubuti ni kuitoa tezi iliyoharibika. Upasuaji wa kwanza wa namna hii ulifanywa Vienna mwaka 1925 na daktari Felix Mandl, kwa mfanyakazi wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa imemlaza kitandani. Mtu yule aliweza kutembea tena, ingawa baada ya miaka kadhaa maradhi yalimrudia. Leo, mikononi mwa mpasuaji mzoefu, zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 hupona. Lakini neno "kupona" kwa madaktari lina maana mahususi: kalsiamu ya damu ibaki sawa walau miezi sita baada ya upasuaji. Sisi nyumbani tunalitafsiri kuwa ni kurudi kwenye ndoo na jiko kesho yake. Hapa ndipo familia nyingi hukosea.

Tabibu wetu alitupa mfano wa ghala iliyoibwa kwa miaka mingi. Siku mwizi anapokamatwa, mwenye ghala huanza kurudisha magunia kwa pupa. Ndivyo mifupa inavyofanya: tezi mbovu ikishatolewa, huivuta kalsiamu kutoka katika damu kwa njaa kubwa, na tezi zilizobaki, ambazo zilikuwa zimelala muda mrefu, bado hazijaamka. Kwa hiyo damu hupungukiwa. Midomo na ncha za vidole hufa ganzi, misuli hukaza, na hali ikizidi mgonjwa anaweza kupata degedege au moyo kwenda mrama. Vidonge vile vya kalsiamu na vitamini D, ambavyo mama yetu aliviacha, vilikuwa ndivyo vinavyoziba pengo hilo. Ganzi ile haikuwa uvivu wala mkono wa mtu.

Koo huuma siku chache na sauti huweza kukwaruza kwa wiki kadhaa, na kwa wachache sana hubaki hivyo. Mawe yaliyokwisha kujengeka katika figo hayayeyuki kwa upasuaji, yanataka tiba yake. Mifupa huongezeka uzito taratibu kwa mwaka mmoja au miwili, na katika muda huo bado inavunjika kwa urahisi, kwa hiyo kumrudisha mwanamke kama huyu kuponda mawe ya dhahabu au kubeba ndoo kichwani ni kumhatarisha. Ama uchovu na huzuni, wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi, wengine hubakiwa na sehemu.

Daktari mpasuaji wa Calgary nchini Canada, Janice Pasieka, pamoja na wenzake, walitunga maswali 13 ya kumwuliza mgonjwa kabla na baada ya upasuaji. Miongoni mwake wanauliza kama anachoka upesi, kama anasahau, kama anakasirika haraka, na kama anapata taabu kuinuka kitini. Swali hili la mwisho lilitugusa. Ni wazee wangapi misikitini kwetu wanaoshika ukuta wakiinuka kutoka sijida, nasi tunasema ni uzee tu?

Tena tunalitaja kwa uchungu suala la uchawi, kwa kuwa katika nchi hii ya Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa kushukiwa, macho yao mekundu yakifanywa ushahidi. Bibi anayesahau, anayenung'unika peke yake usiku kwa maumivu ya mifupa, ni mepesi sana maneno kumwangukia. Na mkwe anayelala mchana hutafutiwa mchawi wake. Apimwe damu kwanza.

Tukirudi kwenye ibada, Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Kidonge kinachomezwa mchana hubatilisha saumu, hilo halina shaka, lakini kukiacha kwa kujidhuru si ucha Mungu. Mgonjwa amuulize daktari: je, dozi yaweza kugawanywa kati ya futari na daku? Akisema hapana, basi anakula. Kuhusu swala, Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Mwenye kidonda shingoni kinachovutwa na sijida ataashiria kwa kichwa kadiri awezavyo. Udhu wake hauna tatizo, kwa kuwa shingo si kiungo cha faradhi ya udhu. Tatizo ni josho la janaba au la hedhi, na hapo hupangusa juu ya bendeji ikiwa maji yanadhuru, akakamilisha kwa tayamamu kama fikihi ya madhehebu yetu ya Shafi inavyoeleza.

Na mume je? Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa swala. Basi kuchota maji kwa miezi michache hakumpunguzii mchimbaji uanaume wake. Maziwa mgando na dagaa wa ziwani, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, vina kalsiamu nyingi, navyo havikosekani sokoni Katoro, ila havishiki nafasi ya vidonge.

Ndugu yule alitupigia simu baada ya Idd. Mkewe alirudishiwa vidonge, ganzi ikaondoka. Bado analala mchana, lakini mama mkwe ameacha kusema. Kipimo cha miezi sita kiko Mwanza, na safari hii atakwenda naye mwenyewe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kungoja kivuko. Alikuwa na swali moja kutoka kwa mkewe: siku 19 alizokula, je, lazima azilipe mfululizo? Tulimjibu kwamba si lazima. Azigawe atakavyo kabla ya Ramadhani ijayo, na asianze mpaka daktari amruhusu. Wallahu a'lam.