Masuku yauzwa, msuku wachomwa makala

Mvua za Novemba zikishashika, mafungu ya masuku hujaa katika masoko ya Lubumbashi, kuanzia mtaa wa Kenya hadi Katuba na Ruashi. Kando yake huwekwa matungulu mekundu na mabungo, ambayo akina mama huyaponda ndani ya maji, huchuja mbegu, hutia sukari na kuuza juisi. Matunda ya pori hayapandwi wala hayatiwi mbolea. Gharama iko njiani.

Mama mmoja anayeleta masuku kutoka upande wa barabara ya Kasenga analalamika kwamba kila kizuizi kina mtu wa kulipwa, mara nyingi bila risiti. Dereva naye hutoza kwa gunia, na sokoni mtoza ushuru humdai kabla hajauza hata fungu moja. Masuku yaliyoiva hayangoji: yakikaa siku chache hupondeka na kuchacha. Ndiyo sababu wengine huyaangua mabichi ili yaivie ndani ya gunia, kisha wateja hunung'unika kuwa hayana utamu. Hasara yote, anadai, humwangukia yeye.

Ofisa mmoja wa mazingira anasema biashara hii ina ulinzi wa sheria. Sheria ya Misitu ya Kongo ya 2002 huwaruhusu wanakijiji kuchuma kwa matumizi yao, lakini kuuza kunakubaliwa kwa matunda na mazao yaliyo katika orodha ya gavana wa mkoa tu. Mama huyo hajawahi kuonyeshwa orodha hiyo. Sheria anayoijua ni ya kizuizini.

Porini hali ni ngumu zaidi. Msuku huota katika miombo ileile inayokatwa kwa makala ya kupikia mjini. Ukioteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka kumi kabla ya kuzaa, na miti dume haizai kabisa. Ofisa anataja upandaji miti, ila akasia inayopandwa kwa ajili ya kuni haitoi masuku.

Malawi hutengeneza mvinyo wa masuku, na huenda Lubumbashi nayo ikajaribu. Lakini mwanakijiji anayedaiwa ada ya shule hupata fedha ya makala leo. Masuku humtaka angoje msimu. Mvua nzuri zinaweza kuficha upungufu wa misuku kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo, wachuuzi wanatarajia safari ndefu zaidi na mafungu madogo zaidi.