Mto wa Kiti Ukiteleza, Mshipi Hausaidii



Vikundi vingi huku kwetu, kutoka Ikonge kwenda Ekerenyo na hata upande wa Chebilat, vina gari au vinapanga kununua. Akina mama wanaweka akiba kidogo kidogo, mwishowe wananunua Probox kuukuu au kivan kidogo. Gari hilo linafanya kazi zote: asubuhi linabeba ndizi na maziwa, mchana linapeleka watu mazishini, usiku linakimbiza mgonjwa Nyamira au Kisii. Wakati wa kununua, watu wanafungua boneti, wanapiga magurudumu teke, wanasikiliza injini. Mto wa kiti, yaani pale unapokalia, hakuna anayeugusa. Leo tuongee juu ya huo mto.

Angalia vile kazi inaenda. Siku ya soko, kiti cha nyuma kinang'olewa ili magunia yapate nafasi. Jioni kinarudishwa mbio mbio kwa sababu abiria wanangoja. Sasa, katika magari mengi madogo, mto wa nyuma unashikwa na kulabu au vibanio vilivyo mbele, chini ya mto wenyewe. Ukiuweka tu juu bila kuubonyeza, unakaa vizuri kwa macho, lakini haujashikwa na kitu chochote. Ni kubonyeza kwa goti, kwanza upande mmoja halafu wa pili, mpaka usikie "tak" mara mbili. Kama hausikii, kulabu imepinda au imevunjika, na hapo ndipo hadithi inaanza.

Taabu nyingine ni ya zile van ambazo viti vya kiwandani viliondolewa zamani na fundi akatengeneza benchi za mbao. Juu ya benchi anaweka sponji iliyoshonewa reksini. Reksini inateleza, plaiwudi iliyopakwa rangi inateleza, na katikati yake linaingia vumbi letu jekundu ambalo ni kama unga juu ya meza. Ongeza milima yetu. Gari likiteremka, mto unatambaa mbele polepole, na abiria anajivuta nyuma kila dakika mbili. Makanga anamwambia, "Mama, kalia tu, hiyo itashika." Haishiki.

Wengi wanadhani hii ni shida ya starehe tu. Si ya starehe. Mshipi wa gari umetengenezwa ushike mifupa ya nyonga, ile migumu ya chini ya kiuno, kwa sababu mfupa unaweza kubeba mshtuko. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ng'ombe akivuka na dereva akanyage breki, gari linapunguza mwendo lakini mwili wako bado unataka kuendelea mbele. Kama mto umetulia, nyonga zinabaki mahali pake na mshipi unazishika. Kama mto unateleza, unakwenda nao, nyonga zinapita chini ya mshipi, na mshipi unapanda hadi tumboni. Tumboni hakuna mfupa wa kuzuia. Kuna utumbo, ini na bandama, na kwa mama mjamzito kuna mtoto.

Kwa hiyo unaweza kuwa umefunga mshipi kama sheria inavyotaka, na bado ukaumizwa na huo mshipi wenyewe. Tangu 1 Februari 2004, kanuni alizoleta marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi zilidai magari ya abiria yawe na mishipi. Ni jambo jema sana. Lakini nimeona gari lenye mshipi mpya unaong'aa juu ya mto uliowekwa tu kama mkate juu ya sahani.

Kwa mama mjamzito ni lazima niseme zaidi kidogo, kwa sababu ndio mara nyingi tunawapeleka usiku, na kwa haraka. Mshipi wa chini upite chini ya tumbo, ukigusa mapaja na nyonga, usipite juu ya tumbo hata kidogo. Ule wa kifuani upite katikati ya matiti, kisha pembeni mwa tumbo. Na tafadhali, ile huruma ya kumletea mto laini wa nyumbani akalie juu ya kiti, tuiache. Sponji nene inabonyea, inasukumwa mbele, na mshipi unalegea wakati ule ule unapohitajika. Akitaka kitu mgongoni, shuka iliyokunjwa inatosha.

Sasa matengenezo. Yaliyo rahisi ni ya mpira. Kata blada, ile ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, uibandike vipande virefu kwenye ubao wa benchi kwa gundi ya viatu, ukiacha nafasi ya inchi tatu hivi kati ya kipande na kipande. Mpira unashika reksini vizuri. Usibandike gundi kwenye sponji yenyewe, maana sponji itachanika na kubaki makombo kwenye ubao. Kasoro ya mpira ni kwamba ukijaa vumbi au ukilowa haushiki tena, kwa hiyo unapanguswa kila wiki. Wengine wanatumia ule utepe wa kushikana kama wa viatu vya watoto. Ni mzuri mpaka ujae manyoya na matope.

Huko Ulaya watu wana vigari vya kulala ndani, kama zile Kombi za Volkswagen za tangu miaka ya 1950. Mito ya viti mchana ndiyo godoro usiku, kwa hiyo hawawezi kuifunga moja kwa moja, na wao pia wanapambana na kuteleza kwa mpira na utepe. Sisi hatulali garini. Hatuna sababu ya kuacha mto ukiwa huru.

Hatua ya pili ni ukingo. Mwambie seremala apigilie mbao ya inchi 2 kwa 1 mbele ya benchi, ili ipande juu ya ubao wa kukalia kwa inchi moja tu. Mto ukitambaa unagonga hapo. Isizidi inchi hiyo, la sivyo itakata mapaja ya abiria na miguu itakufa ganzi kabla hajafika Kisii. Kona zipigwe msasa.

Lakini kwa gari linalobeba watu kila siku, mimi ningependa mto uwe na ubao wake. Sponji ngumu ya inchi 4 inabandikwa kwenye plaiwudi, reksini inavutwa na kupigiliwa chini yake, halafu ubao huo unafungwa kwenye fremu ya chuma kwa bolti nne zenye washa pana. Skrubu za mbao hazitoshi, zitang'oka kwa mtikisiko. Na fremu nayo ifungwe kwenye sakafu ya gari, kwa sababu haina maana kufunga mto kwenye benchi inayotembea. Fundi wa viti peke yake hawezi hii kazi. Mtafute na fundi wa kuchomelea. Kama gari ni la abiria, mjue pia kwamba litakaguliwa kila mwaka, na viti ni kati ya vitu vinavyoangaliwa.

Kikundi kikisema, "Lakini tunahitaji kung'oa kiti siku ya soko," jibu ni bolti zenye nati za masikio, zinazofunguliwa kwa mkono. Dakika tano. Muamue nani anazikaza jioni, jina lake liandikwe, si "mtu yeyote".

Kuhusu ule ubao ambao makanga anaweka katikati ya viti viwili, wanaouita sambaza, sina ushauri wa kuufunga. Hauna mshipi, na anayekalia pale ni abiria wa ziada. Ukae nyumbani uwe kuni.

Fundi akimaliza, kabla hamjamlipa, mtu mzito katika kikundi akae kwenye kila mto, akanyage sakafu kwa nguvu na kujisukuma mbele, kisha kushoto na kulia. Halafu ashuke, aushike mto kwa mikono miwili mbele na kuuvuta juu. Ukisogea zaidi ya upana wa kidole, mwambie arudie.