Mkono usilale baada ya upasuaji wa titi

MAMA aliyetolewa titi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret hakai wodini muda mrefu. Ikiwa hakuna tatizo, huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache. Akiwa ni mkazi wa Kesses, atapanda matatu, apite Cheptiret, na baada ya mwendo wa kilomita 30 na zaidi afike kwake akiwa na bendeji kifuani, mrija unaotoka chini ya kwapa ukiingia kwenye kichupa, na mkono ambao hajui aufanyie nini.

Mkono huo ndio unaowatia wengi mashaka. Kesses ni nchi ya mahindi na maziwa. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, maji hutekwa, kuni hupasuliwa, na yote hayo ni kazi ya mikono. Kuna akina mama wanaoirudia kazi hiyo kabla hata nyuzi hazijakauka, kwa kuwa ng'ombe hajui habari za upasuaji. Kuna wengine wanaofanya kinyume. Huufunga mkono kwa leso shingoni kana kwamba umevunjika, na jamaa huwasifu kwa kutulia. Wote wawili hujiumiza. Kifua cha yule wa kwanza hujaa maji au kidonda hufumuka. Yule wa pili, baada ya mwezi mmoja, hawezi kuchana nywele zake. Tena akihitaji matibabu ya miale, atatakiwa alale mkono ukiwa juu ya kichwa. Bega lililoganda halikubali.

Kwa hiyo mkono uanze kutembea mapema, lakini kwa kiasi. Tangu siku ya kwanza mama anaweza kufumba na kufumbua ngumi, kukunja na kukunjua kiwiko, na kuzungusha mabega polepole. Avae nguo mwenyewe, anawe uso, ale kwa mkono huo huo. Wakati mrija ungali ndani, madaktari wengi humtaka asiinue kiwiko kupita bega. Ukishatolewa, na daktari akiridhika, asimame mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kama buibui anayepanda. Aweke alama kwa mkaa pale alipofika, na kesho yake ajaribu kuipita kidogo. Mazoezi ya dakika chache, mara tatu kwa siku, yanatosha. Kuvutwa ni kawaida, lakini maumivu makali ni ishara ya kuacha. Ni vyema kumeza dawa ya maumivu aliyopewa nusu saa kabla ya kuanza.

Mzigo ni jambo jingine. Kwa wiki nne hadi sita asiinue kitu kinachozidi gorogoro moja ya mahindi, yaani kilo mbili hivi. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, nao hauna nafasi hapo. Mtoto asibebwe mgongoni.

Sasa turudi kwenye mrija. Kazi yake ni kutoa maji yanayojikusanya mahali titi lilipokuwa. Kichupa humwagwa mara moja au mbili kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, kisha hubanwa hewa itoke ndipo kifungwe, kwa maana bila kubanwa hakinyonyi. Kila mara pima na uandike katika daftari tarehe na kiasi. Siku za mwanzo maji huwa mekundu, baadaye huwa kama ya waridi, mwishoni manjano hafifu. Madaktari wengi huutoa mrija maji yakipungua chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Daftari hilo lina thamani kuliko maneno matupu. Kiasi kikipanda ghafla baada ya kushuka, mara nyingi mkono umefanyishwa kazi, hata kama mwenyewe atakana!

Wageni nao watakuja, na hapo pana utata kidogo. Kesses watu husalimiana kwa mkono, na kumpa mzee mkono wa kushoto si adabu. Aliyepasuliwa upande wa kulia afanyeje? Mtu wa nyumbani na atangulie mlangoni kueleza, "Mama anaumwa mkono," na "chamgei" ya mdomo itatosha. Mtu huyo huyo akatae kwa upole majani na unga wa mitishamba unaoletwa kupakwa kwenye kidonda. Kidonda kinataka ukavu na usafi tu.

Kufa ganzi kwapani na upande wa ndani wa mkono ni kawaida. Wengine huhisi titi lisilokuwapo likiwasha. Hawajarogwa, ni mishipa ya fahamu iliyokatwa. Wengine huona kitu kama kamba kikivuta kutoka kwapani hadi kiwikoni. Hicho nacho hupona kwa mazoezi, lakini mtaalamu wa viungo akione.

Yasiyongoja kesho ni haya: homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, wekundu unaotambaa, kifua kuvimba ghafla, damu nyekundu kujaza kichupa upesi, au mrija kuchomoka. Kushindwa kupumua au mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dharura.

Lakini pengine hatari kubwa kuliko zote huja kidonda kinapopona vizuri. Mama hujiona mzima, nauli ni ghali, mahindi yanangoja, naye harudi. Ilhali uvimbe uliotolewa ulipelekwa maabara, na majibu yake ndiyo yanayoonyesha kama anahitaji dawa za kutibu saratani kwa mishipa, miale, au tembe za kumezwa miaka mitano au zaidi. Tarehe ya majibu iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari lile la mrija. Ahakikishe pia kwamba usajili wake wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, uko sawa kabla ya safari.

Waliotolewa tezi za kwapani wataulinda mkono huo maishani, kwa kuwa unaweza kuvimba hata miaka mingi baadaye. Wavae glavu wanapokata majani ya ng'ombe, wajihadhari na moto wa jikoni, na kidonda kidogo kioshwe mara moja.

Na kukamua? Daktari akisharuhusu, baada ya wiki sita hivi, aanze na ng'ombe mmoja, yule mpole, na mwingine ambebee ndoo.