Unauza nyumba kupitia dalali: bei ya mwisho ni ipi, na nani anaijua?

Saa mbili usiku simu inalia. Ni dalali kutoka Omurushaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

"Mzee, mteja nimempata. Mtu wa uhakika, pesa anayo. Wewe niambie tu bei yako ya mwisho, mambo mengine niachie mimi."

Wengi wetu hapo hujibu haraka. Mzee anasema, "Mimi nikipata milioni 22 mkononi, basi." Anakata simu akiwa na furaha, na hajui kwamba biashara yake imeisha dakika hiyo. Kuanzia usiku ule, hakuna atakayemtafutia milioni 23.

Neno lenye kazi hapo ni "mkononi". Mwenye nyumba akishasema anataka kiasi fulani mkononi, dalali anaelewa kwamba kinachozidi ni chake. Anakwenda kwa mnunuzi na kumwambia nyumba ni milioni 28. Wanavutana hadi 26. Mzee anapewa 22 zake, na milioni 4 zinabaki njiani. Hiyo ndiyo inayoitwa cha juu. Hesabu hizi ni za mfano tu, lakini mtindo wenyewe unajulikana Kayanga, Nkwenda, Isingiro na kila mahali penye dalali.

Wapo wanaosema cha juu si wizi, kwa sababu mzee amepata alichotaka. Hilo ni kweli kama mzee alijua na akakubali. Kama hakujua, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iko upande wake. Mtu uliyemtuma akufanyie biashara anapaswa kukutolea hesabu na kukukabidhi alichopokea kwa niaba yako, akishatoa ujira wake halali. Dalali ni mtu uliyemtuma, hata kama mlikubaliana kwa simu tu. Tatizo ni kwamba bila maandishi utapata shida kuthibitisha mlikubaliana nini.

Panga ujira kwanza, bei baadaye

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza na dalali yawe juu ya ujira wake. Wengi huomba asilimia 10 ya bei ya mauzo, na wapo wanaokubali 5 au kiasi kimoja kisichobadilika. Vyovyote mtakavyokubaliana, andikeni kwenye karatasi, hata ya daftari, na kila mmoja asaini. Yaandikwe mambo matatu: ujira ni kiasi gani, analipwa lini, na kwamba mnunuzi atakutana na mwenye nyumba ana kwa ana kabla ya bei kufungwa.

Hilo la tatu ndilo linaloua cha juu. Dalali akikataa kulisaini, umeshamjua, na mapema.

Kuna njia nyingine ambayo si mbaya. Mwambie dalali: bei tunayotangaza ni milioni 28, ukiuza kuanzia 26 utapata asilimia 10, chini ya hapo utapata asilimia 5. Sasa naye ana sababu ya kupigania bei yako. Mtu anayelipwa sawasawa kwa bei yoyote atakushauri ushuke ili amalize leo, maana tofauti ya milioni 2 kwako ni mabati ya nyumba nzima, kwake ni laki moja au mbili tu.

Na bei yako ya mwisho, ile ambayo chini yake hutauza? Mke au mume wako aijue. Dalali asiijue. Akiuliza, jibu moja linatosha: "Bei ni 28. Mwenye pesa mlete tuzungumze."

Unauza nini hasa?

Kabla ya mnunuzi kufika, hesabu unachouza. Huku kwetu nyumba mara nyingi haiuzwi peke yake, inauzwa na kibanja chake. Kuna migomba, mibuni, miti ya mbao, tangi la kuvunia maji ya mvua, choo, na mita ya umeme kama ipo. Mnunuzi ataitazama nyumba tu na kuipunguza bei kwa sababu ya nyufa. Atakumbusha tetemeko la Septemba 10, 2016 lililopiga Kagera, aulize kama msingi haukuguswa. Ni swali la haki, mjibu ukweli. Kisha mpeleke kwenye tangi. Anayejua shida ya maji ya kiangazi huku hahitaji kuelezwa thamani ya tangi lisilovuja.

Halafu kuna kahawa. Kama mnapatana Aprili na mibuni imebeba, kahawa iliyo mtini ni ya nani? Watu wengi husahau kuisema, na ugomvi huanza pale mavuno yanapoiva. Lakini ukiikumbuka, ni silaha nzuri ya kupatana. Mnunuzi akigoma kwenye 25 nawe unataka 26, unaweza kusema: sawa, 25, lakini kahawa ya msimu huu naichuma mimi. Au kinyume chake: 26, na kahawa ni yako. Hapo kila mmoja anaondoka na kitu.

Katika kushuka, shuka kidogo kidogo, na kila unaposhuka omba kitu. Ukitoka 28 hadi 25 kwa neno moja, mnunuzi atajua bado kuna nafasi chini. Toka 28 hadi 27 na nusu kwa sharti la kulipwa zote kwa mkupuo. Anayetaka kulipa nusu sasa na nusu "baada ya kahawa", bei yake iwe juu zaidi, na funguo zikae kwako hadi amalize. Neno lake siku hiyo linaweza kuwa la kweli kabisa, lakini bei ya kahawa haimtii mtu.

Wakati wa kuuza nao una bei yake. Januari, wazazi wanapohangaikia shule, au siku mgonjwa wako amelazwa Bugando na simu za Mwanza hazikatiki, dalali ataisikia shida hiyo kwenye sauti yako. Kagera tunaijua butura, mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu shida imemfika. Nyumba nayo huuzwa kwa butura, ila nyumba haizai tena mwakani. Kama shida ni ya milioni 2, angalia kwanza kama kuna ng'ombe, miti, au mkopo wa chama chenu cha kuweka na kukopa kabla ya kuitoa nyumba ya milioni 25 kwa 18.

Bei iliyoandikwa

Mkishapatana, dalali anaweza kuja na wazo: "Mzee, kwenye mkataba tuandike milioni 15, tupunguze kodi." Au mnunuzi amelipa 26, wewe umepokea 22, na karatasi inasema 26. Usisaini lolote kati ya hayo. Bei iliyoandikwa haiishi kwenye faili tu, na kwa Kagera tuna kesi inayoonyesha hivyo.

Agosti 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Februari 22, 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Kesi hiyo inasomwa hadi leo na wanasheria kwa sababu ya haki za wanawake. Lakini kuna sehemu ambayo haisemwi sana: ndugu yule alipewa miezi 6 kuikomboa ardhi hiyo kwa kulipa shilingi zilezile 300,000. Kiasi kile ndicho kilichokuwa mlango wa ukoo kuirudisha ardhi.

Sasa fikiria mauzo yako yanapingwa na mahakama inaamuru urudishe fedha. Mnunuzi anaonyesha karatasi ya milioni 26 yenye saini yako. Ulipokea 22. Zile 4 za cha juu zitatoka kwako, na dalali simu yake haipatikani. Na kama mliandika 15, mnunuzi aliyelipa 26 ana hatari ya kurudishiwa 15. Mnunuzi makini akilielewa hili atakataa mwenyewe kuandika uongo.

Kuhusu kodi yenyewe, mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata kwa kuuza. Asiye na kumbukumbu za gharama zake, tangu 2023 kuna utaratibu wa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kuna misamaha kwa makazi binafsi na mashamba kwa masharti yake, hivyo pita ofisi ya TRA kabla ya kutaja bei, si baada. Kodi hiyo ni ya muuzaji. Usipoihesabu mapema itakula bei yako ya mwisho.

Saini zinazoifanya bei iwe bei

Mapatano yote haya ni bure kama wanaotakiwa kukubali hawajakubali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wako. Watoto wakubwa na wazee wa ukoo waambieni mapema, wala si siku ya kusaini. Na kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi si idhini hiyo. Kwa sisi wa mpakani, Murongo na kwingineko, muulize mnunuzi uraia wake mapema: asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kwa taratibu maalumu, hata akitaja bei nzuri kuliko wote.

Siku ya malipo, kutaneni benki, mnunuzi, wewe, mwenzi wako, mashahidi na dalali. Fedha ziingie zote kwenye akaunti yako, kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye mkataba. Ukishaona salio, saini. Kisha toa ujira wa dalali kutoka kwenye akaunti hiyo, mbele ya watu walewale, naye asaini kwamba amepokea kiasi gani na hadai kitu tena kwako wala kwa mnunuzi. Funguo na kadi ya mita ya umeme zikabidhiwe baada ya hapo.