Mgogoro wa Ujenzi Uamuliwe Kazi Ikiendelea

Mwaka 2009 Mamlaka ya Mfereji wa Panama iliyapa makampuni ya Hispania, Italia, Ubelgiji na Panama kazi ya kujenga malango mapya ya maji katika upanuzi wa mfereji huo kwa dola bilioni 3.1 hivi, zaidi ya bilioni moja chini ya bei ya mshindani. Kazi ilitakiwa kwisha Oktoba 2014. Meli ya kwanza ya mizigo ilipita humo Juni 2016. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kokoto: wakandarasi walidai kwamba mawe ya basalti yaliyopasuliwa pale hayakuwa kama walivyoambiwa, na kwamba kupata zege linalofaa kuliwala muda na fedha. Walitaka nyongeza ya dola bilioni 1.6, na Februari 2014 kazi ikasimama kwa takriban wiki mbili.

Bei ile ya chini huenda ilikuwa na mchango wake katika ugomvi, lakini hakuna zabuni inayoona kila kilichomo ardhini, kwa hiyo madai hayakwepeki. Swali la maana ni yaamuliwe lini. Kila wiki ya ucheleweshaji ina mishahara, mitambo ya kukodi na riba ya benki, na ushahidi wake haudumu: shimo hufukiwa, vibarua hutawanyika, mhandisi aliyeona maji yakifurika huhamia mradi mwingine. Miaka mitano baadaye hubaki makabrasha na mashahidi wa kulipwa wanaobishana kuhusu tope ambalo hawakulikanyaga. Ndiyo maana mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana katika miradi ya Benki ya Dunia, barabara za kwetu zikiwamo, ilipotolewa upya mwaka 1999 iliweka bodi ya waamuzi na kuipa siku 84 za kutoa uamuzi. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: baada ya ripoti ya Sir Michael Latham ya mwaka 1994 kuhusu sekta ya ujenzi, sheria ya mwaka 1996 ilimpa kila upande wa mkataba wa ujenzi haki ya kupeleka mgogoro kwa mwamuzi wakati wowote, naye aamue ndani ya siku 28. Uamuzi hutekelezwa kwanza. Asiyeridhika aende mbele huku akilipa.

Watu watasema haraka huzaa makosa, nao wana hoja. Panama yenyewe inawapa mfano. Mwishoni mwa mwaka 2014 bodi ya waamuzi ya mradi huo iliwapa wakandarasi zaidi ya dola milioni 200 kwa madai ya kokoto na zege. Mwaka 2020 jopo la usuluhishi la Chemba ya Kimataifa ya Biashara, lililoketi Miami, liliwaamuru warudishe takriban milioni 240. Walipinga mahakamani Marekani, wakashindwa hadi kwenye rufaa mwaka 2023. Lakini tazama tarehe hizo. Kosa la bodi, kama lilikuwa kosa, lilirekebishwa, na wakati huo meli zilikuwa zimekwisha kupita kwa miaka minne. Bila bodi, jibu la kwanza lingepatikana mwaka 2020, na sidhani kama kuna benki ambayo ingesubiri. Hatari ya kweli ni mkandarasi kulipwa, kisha akafilisika kabla ya kurudisha. Hiyo hutibiwa kwa dhamana ya benki, si kwa kumnyima mwenzako jibu.

Lawama nyingine huangukia sharti la FIDIC la mkandarasi kutoa notisi ya madai ndani ya siku 28, la sivyo haki yake ipotee. Ni kali, hasa kwa mkandarasi mdogo asiye na mwanasheria. Hata hivyo barua ya ukurasa mmoja haihitaji mwanasheria, na mwenye mradi asiyejulishwa mapema hukosa nafasi ya kubadili mchoro au kutafuta fedha.

Nawe unayejenga nyumba ya kawaida, huhitaji bodi ya watu watatu. Kabla msingi haujachimbwa, kubalianeni na fundi wako juu ya mhandisi mmoja asiyefungamana na yeyote, mwandikeni katika mkataba pamoja na idadi ya siku atakazopewa kuamua, kisha wekeni daftari la kazi ambalo nyote wawili mtalisaini kila jioni.